Sura ya Sita: Macho Hayana Pazia

Mahakimu wanamwuliza ana umri gani. Msichana aliyesimama mbele yao amevaa mavazi ya kiume na nywele zake zimekatwa fupi. Hajibu papo hapo. Anainamisha macho, anaanza kuhesabu kwa vidole, pole pole, kama mtoto aliyetumwa dukani anayehakiki chenji kabla ya kurudi nyumbani. Kisha anainua uso na kujibu: kumi na tisa.

Tukio hilo ni la sekunde chache tu. Hakuna sauti, maana filamu yenyewe ni bubu, na jibu lake linakuja kwa maandishi kwenye skrini. Ila ukishaliona hulisahau, na ukijua habari za mwigizaji unalitazama kwa mshangao zaidi. Mwanamke yule alitimiza miaka 35 filamu ikiwa bado inapigwa. Alikuwa mzaliwa wa Pantin, pembezoni mwa Paris, msanii wa jukwaani aliyezoea gauni za kisasa na vicheko vya watazamaji wa mjini. Nikitazama vile vidole nasahau yote hayo. Namwona binti wa shamba asiyejua kusoma, ambaye hajawahi kuwa na sababu ya kutaja umri wake mbele ya watu wazito.

Jina lake ni Renée Jeanne Falconetti. Maisha yake yote kwenye skrini ni filamu tatu. Mbili zilitoka mwaka 1917, *La Comtesse de Somerive* na *Le Clown*, na hakuna anayezikumbuka ila kwa sababu yake. Ikapita miaka kumi bila kamera. Mwaka 1927 akapiga *La Passion de Jeanne d'Arc*, chini ya mwongozaji wa Kidenmaki Carl Theodor Dreyer. Baada ya hapo hakurudi tena. Waigizaji wengine wa enzi ya sinema bubu walipiga filamu mia na leo majina yao yamebaki kwenye orodha za makumbusho. Yeye kazi moja tu imemweka mahali ambapo kila mtu anayejifunza uigizaji wa filamu lazima apite.

Kuna hadithi inayosimuliwa kila anapotajwa, na lazima niiseme mapema kwa sababu sura hii inabishana nayo. Wanasema Dreyer alimchukua mwanamke wa starehe, akamvunja. Wanasema alimpigisha magoti kwenye sakafu ya mawe kwa saa nyingi mpaka uso ukakosa nguvu ya kuonyesha chochote, akapiga picha alipoona maumivu yanapenya kwa ndani. Wanamaliza kwa kusema kwamba mateso yale ndiyo yaliyomfanya asiguse kamera tena hadi kufa kwake. Hadithi hii inapendwa kwa kuwa inafanana mno na filamu yenyewe: msichana mmoja mikononi mwa wanaume wenye amri. Mimi inaniudhi. Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo, na Falconetti hayupo kujisemea. Ukiikubali hadithi hiyo yote ilivyo, kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya inakuwa si kazi yake tena. Inakuwa ya mtu aliyemtesa.

Tuanze basi na namna walivyokutana.

Dreyer, mzaliwa wa Copenhagen, alikuja Ufaransa akiwa na jina. Filamu yake ya mwaka 1925 kuhusu mume dhalimu nyumbani kwake ilipokelewa vizuri sana huko, na kampuni ya Société Générale des Films, ileile iliyokuwa ikitia fedha kwenye *Napoléon* ya Abel Gance, ikamwalika atengeneze filamu kuhusu mwanamke mkubwa wa historia ya Ufaransa. Akamchagua Jeanne d'Arc, ambaye Wakatoliki wa kwetu wanamwita Yoana wa Arc. Ulikuwa wakati wake. Msichana huyu aliyeongoza majeshi, akakamatwa, akauzwa kwa Waingereza na kuchomwa moto Rouen tarehe 30 Mei 1431, alikuwa ametangazwa mtakatifu mwaka 1920, na mwaka uliofuata mwanahistoria Pierre Champion alichapisha kumbukumbu za kesi yake. Dreyer alizishikilia kumbukumbu hizo kama msahafu. Vita, farasi na kutawazwa kwa mfalme akaviacha vyote pembeni. Filamu yake inahusu kesi tu: maswali na majibu, miezi kadhaa ya mahojiano iliyobanwa ikawa kama siku moja ndefu.

Wafaransa wengi walikasirika. Mdenmaki, tena asiye Mkatoliki, anawezaje kupewa mtakatifu wao? Akahitajika mwigizaji ambaye angebeba mzigo wote huo.

Dreyer alisimulia miaka mingi baadaye kwamba alimwona Falconetti katika jumba dogo la maonyesho mjini Paris, akiwa katika mchezo mwepesi wa kisasa, amependeza, anachekesha. Hakuvutwa mara moja. Alipokwenda kumtembelea waliongea tu, kisha akamwomba aje kupigwa picha za majaribio bila chembe ya vipodozi. Poda na wanja vilipoondoka, akasema Dreyer, alimwona mtu mwingine kabisa: mwanamke wa kijijini, mkweli, aliyewahi kuonja taabu.

Watu husimama hapo kana kwamba Dreyer aliokota jiwe njiani na kugundua ni almasi. Lakini Falconetti hakuwa jiwe la njiani. Mwaka 1924 alikuwa ameingia Comédie-Française, jumba la serikali ambalo kwa msanii wa Kifaransa hakuna la juu yake. Mtu anayeweza kuchekesha ukumbi mzima kila jioni kwa wakati sahihi, neno kwa neno, ameshafundishwa jambo gumu zaidi katika kazi hiyo. Kuliza ni rahisi kuliko kuchekesha. Muulize msanii yeyote wa vichekesho. Alichokosa ni kamera ya kumkaribia.

Na kamera ya mwaka 1927 ilikuwa imebadilika. Hapa naomba nitulie kidogo, kwa sababu bila jambo hili la kiufundi uso wa Falconetti usingewezekana.

Filamu zilizotumika tangu mwanzo wa sinema zilikuwa kama vipofu wa rangi nyekundu. Kitu chekundu kilitokea cheusi. Midomo ikawa myeusi, vidoadoa vya ngozi vikaonekana kama uchafu, na macho ya bluu yakapauka mpaka kama hayana kiini. Ndiyo maana waigizaji wa wakati ule walijipaka unga mweupe uso mzima na kuzungushia macho rangi nzito, na leo tukiwatazama tunaona vinyago. Katikati ya miaka ya 1920 ilianza kuenea aina mpya, panikromatiki, iliyoona rangi zote kwa uwiano unaokaribia ule wa jicho la binadamu. Dreyer na mpiga picha wake, Rudolph Maté, wakaitumia, na Dreyer akapiga marufuku vipodozi kwa kila mtu. Mapadri waliigizwa na wazee halisi wenye mikunjo halisi, chunusi, mate na jasho. Wote walinyolewa utosi kwa mtindo wa watawa. Eugène Silvain, mzee wa Comédie-Française, akawa Askofu Cauchon. Mshairi Antonin Artaud akawa Massieu, padri kijana ambaye macho yake yanamwonea huruma mshtakiwa.

Wahenga walituachia kwamba uso umeumbwa na haya. Mtu akikutazama usoni, kuna maneno hayakutoki na kuna machozi unayazuia. Jukwaani haya hiyo ina pa kujificha: kuna umbali, kuna taa, kuna poda. Maté alipoleta kamera yake hadi karibu na kope, hapakuwa na pa kujificha tena. Na methali nyingine tunayoitumia kumtetea anayetazama, kwamba macho hayana pazia, huku inamwangukia anayetazamwa. Macho ya Falconetti yamefunguka kuliko macho yoyote niliyowahi kuyaona kwenye filamu. Kila jambo analoambiwa unaliona likiingia.

Wakati huohuo fedha nyingi zilikuwa zikimwagwa kwenye kitu ambacho watazamaji wasingekiona. Bajeti ilikuwa faranga milioni 7. Hermann Warm, aliyewahi kubuni mandhari ya filamu ya *Caligari*, na Jean Hugo, kitukuu cha Victor Hugo, walijenga ngome nzima ya saruji pale Petit-Clamart: kuta, minara, nyumba, kanisa, daraja. Waliipaka rangi ya waridi ili kwenye filamu itokee kijivu dhidi ya anga jeupe. Kwenye filamu ngome hiyo inaonekana vipande vipande, ukuta hapa, dirisha pale, nyuma ya kichwa cha mtu. Watoa fedha walihamaki. Dreyer alikuwa akichimbisha mashimo ardhini ili kamera iwatazame watu kutoka chini, mashimo mengi kiasi cha wafanyakazi kumpachika jina la Gruyère, lile jibini lenye matundu. Ngome ya mamilioni, na yeye anapiga uso.

Nadhani alikuwa sahihi, ingawa naelewa hasira za waliolipa. Waigizaji walihitaji kujua kwamba wamo ndani ya kuta za kweli. Kuta zile zilijengwa kwa ajili ya Falconetti kuliko kwa ajili yetu.

Upigaji ulianza Mei 1927 ukaisha Novemba, na matukio yalipigwa kwa mpangilio wa kesi yenyewe, mwanzo hadi mwisho. Hilo si jambo la kawaida. Filamu nyingi hupigwa kwa kurukaruka: kifo leo, harusi kesho, utoto wiki ijayo, kutegemea mahali na gharama. Kwa mwigizaji wa jukwaani, aliyezoea kupanda na hadithi hatua kwa hatua, mpangilio ule ulikuwa zawadi. Jeanne anachoka kadiri siku zinavyokwenda, na Falconetti naye alichoka kwa miezi hiyohiyo.

Dreyer alitaka kimya. Alizungushia viwambo pale alipokuwa akifanya kazi naye ili mafundi wasimkodolee macho. Kila picha zilipotoka kusafishwa waliketi pamoja kuzitazama, na aliweza kumwonyesha kipande kidogo, pengine sekunde mbili tatu, kwamba hapa ndipo penyewe. Siku iliyofuata Falconetti alianzia hapo. Haya ni maelezo ya Dreyer mwenyewe, na aliongeza kwamba yote yaliyotoka usoni mwa yule mwanamke aliyatoa kwa hiari yake, kutoka moyoni. Mtu anaweza kusema mwongozaji anajitetea. Sawa. Hata hivyo, kikao cha watu wawili wanaotazama kazi ya jana ili ya leo iwe bora ni kikao cha mafundi. Mtesaji hamwonyeshi mtu wake matokeo na kumuuliza tuendelee vipi.

Sisemi hapakuwa na maumivu. Palikuwa nayo, na lililo zito kuliko yote ni la nywele.

Karibu na mwisho wa kesi, Jeanne anatia saini karatasi ya kukana, anahukumiwa kifungo cha maisha na kunyolewa kichwa. Falconetti alinyolewa kweli, mbele ya kamera. Valentine Hugo, mmoja wa waliobuni mavazi, alikuwepo na aliandika alichokiona: chumba kimya kama cha upasuaji, mafundi wa umeme na mafundi mitambo wamezuia pumzi, macho yamewajaa maji. Falconetti alilia machozi yasiyo ya kuigiza. Dreyer akamwendea taratibu, akalipokea chozi moja kwa kidole chake na kulipeleka midomoni. Mwanamke wa Paris wa mwaka 1927, anayekula kwa sura yake, anajua kwamba nywele zile zikianguka atakaa miezi bila kazi ya jukwaani. Hakuna wigi la kumrudishia siku ile. Aliketi kwenye kiti, akaacha mkasi upite.

Tazama sasa anachokifanya baada ya hapo, maana ndipo ustadi wake ulipo. Mfagiaji anakusanya nywele sakafuni. Pamoja nazo kuna taji la majani makavu ambalo askari walimvisha awali wakimdhihaki kama alivyodhihakiwa Kristo. Jeanne analiona taji lile linafagiliwa na nywele zake kama takataka. Hapo, bila neno, anaelewa kwamba amekana kitu pekee alichokuwa nacho. Anaomba mahakimu waitwe warudi. Anajua maana yake ni moto. Uso unapita kutoka hofu ya mnyama aliyebanwa hadi utulivu, na huoni mshono. Hilo huwezi kulipata kwa kumpigisha mtu magoti. Uchovu unaweza kukupa uso uliochoka. Hauwezi kukupa uso unaobadili nia.

Kuna vitu vidogo zaidi. Wakati wa mahojiano inzi anatua usoni pake, naye anampunga na kuendelea kusikiliza. Dreyer angeweza kukata kipande hicho, akakiacha. Kwenye chumba cha mateso, gurudumu la miiba linazungushwa mbele yake mpaka anazimia, halafu tabibu anamtoboa mkono damu itoke. Damu ile ni ya kweli, ila mkono si wa Falconetti bali wa mtu mwingine aliyeshika nafasi yake. Nalitaja kwa sababu wanaopenda hadithi ya mateso hulisahau. Mahali ambapo mwili ungeumia bila faida, palitafutwa mwili mwingine. Pale ambapo hakuna mwingine angeweza, alikaa yeye.

Oktoba 1927, kamera ya Maté ikiwa bado inazunguka, mjini New York ilionyeshwa *The Jazz Singer*, na watu wakasikia sinema ikizungumza na kuimba. Dreyer mwenyewe alitamani sauti, vyombo havikuwepo. Kwa hiyo filamu ya Falconetti iliingia sokoni jengo zima la sinema bubu likiwa limeanza kubomolewa. Ilizinduliwa Copenhagen tarehe 21 Aprili 1928. Paris ilisubiri hadi Oktoba, baada ya ofisi ya Askofu Mkuu na wakaguzi wa serikali kukata walichokata bila ridhaa ya Dreyer. Uingereza iliizuia kabisa, haikupenda jinsi askari wake walivyoonyeshwa. Waandishi waliisifu, fedha hazikurudi.

Ndipo moto ukaja. Tarehe 6 Desemba 1928 negativu, yaani ile filamu ya asili ambayo nakala huchapwa kutoka kwayo, iliteketea katika maabara ya kampuni ya UFA mjini Berlin. Filamu za wakati ule zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachowaka kwa kasi ya kutisha na kujitengenezea hewa ya kuwakia, hata ukikizamisha majini hakizimiki. Maabara nyingi ziliungua hivyo, na sehemu kubwa ya sinema bubu ya dunia imepotea kwa njia hiyo au kwa kuoza ndani ya makopo. Filamu kuhusu msichana aliyechomwa nayo ikachomwa. Kila anayeandika habari hii hulitaja hilo, nami pia nimeshindwa kulipita.

Kilichofuata kinatajwa mara chache zaidi, nami nakihesabu kuwa ushahidi mkubwa kuliko wote nilio nao. Dreyer alirudi kwenye mabaki. Kila tukio lilikuwa limepigwa mara kadhaa; bora likaingia kwenye filamu, mengine yakawekwa pembeni. Pamoja na mhariri Marguerite Beaugé, akaanza kuokota yale yaliyowekwa pembeni, kipande kwa kipande, na kuijenga filamu upya. Filamu hii ina vipande vya picha vipatavyo 1,500, vingi mno kwa wakati wake, na vingi kati yavyo ni uso wa mtu mmoja. Wakafanikiwa. Kwa miongo mingi watu walitazama toleo hilo la pili, au nakala zilizotokana nalo, wakaona Falconetti ni wa ajabu, wakalia.

Fikiria maana yake. Waliyoyalilia ni makapi. Ni zile mara ambazo Dreyer alisema hapana, turudie. Kama uso ule ungekuwa ajali, kama ungekuwa maumivu yaliyomtoka mwanamke asiyejua anafanya nini, ungepatikana mara moja na kwisha. Usingepatikana tena na tena, chozi mahali pale, macho yakiinuka kwa pembe ileile, kiasi cha kutosha kushona filamu ya pili kwa vipande ambavyo havikuchaguliwa. Hivyo ndivyo anavyofanya mtu wa jukwaani. Jioni ya leo analia, na kesho jioni analia tena palepale, kwa watazamaji waliolipa tiketi mpya.

Mwaka 1929 toleo la pili nalo liliunguliwa na negativu, katika maabara nyingine, Ufaransa.

Kwa nini basi hakurudi kwenye filamu? Watu wakiuliza swali hilo huwa wanajibu kabla hawajatazama alikokwenda. Alikwenda kwenye jukwaa, alikotoka. Mwaka 1929 alichukua Théâtre de l'Avenue mjini Paris kuliendesha mwenyewe, akaamua michezo, akabeba hasara. Jumba lile lilimla fedha nyingi sana. Mwaka 1935 Louis Jouvet alipozindua mchezo mpya wa Jean Giraudoux kuhusu vita vya Troya, mmoja wa michezo mikubwa ya Ufaransa ya karne ile, Falconetti ndiye aliyekuwa Andromaque, mke wa Hector, huku Jouvet mwenyewe akiwa Hector. Huyo si mwanamke aliyevunjwa asiweze kusimama mbele za watu. Huyo ni msanii anayeitwa na walio bora zaidi mjini.

Na kama ni kukosa filamu, Dreyer naye alizikosa. Kampuni iliuvunja mkataba wake, akaishitaki. Akatengeneza *Vampyr*, iliyotoka 1932, kisha akakaa hadi 1943 ndipo akatoa filamu nyingine ndefu. Hakuna anayesema Dreyer aliacha sinema kwa miaka kumi na moja kwa sababu ya majeraha ya roho. Wanasema fedha zilikosekana, sauti ilibadili biashara, watoa mitaji walimwogopa. Sababu zilezile zilikuwepo kwa Falconetti, nazo zinatosha.

Vita Kuu vya Pili vilimwondoa Ufaransa. Alikwenda Uswisi, kisha akavuka bahari hadi Brazili, akaishia Argentina. Alifariki Buenos Aires tarehe 12 Desemba 1946, akiwa na miaka 54, mbali na mji uliompigia makofi. Binti yake, Hélène, aliandika kitabu juu yake miaka arobaini baadaye.

Wakati anakufa, filamu yake ilikuwa ikizunguka kwa nakala mbovu zilizokatwakatwa. Mwaka 1951 mtu mmoja, Lo Duca, alikuta nakala ya negativu ya toleo la pili katika ghala la kampuni ya Gaumont, akaitoa upya, akiweka muziki wa karne za nyuma na kubadili maandishi ya skrini. Dreyer hakuipenda. Mwongozaji Jean-Luc Godard aliitumia filamu hii alipopiga *Vivre sa vie* mwaka 1962. Ndani ya filamu ile, msichana wa Paris aliyefilisika anaingia sinema kumtazama Jeanne d'Arc, na kamera inawatazama kwa zamu: Falconetti analia, Anna Karina, anayemwigiza msichana huyo, analia. Miaka thelathini na mitano imepita kati yao, na machozi yanapokezana kama watu wawili waliokaa benchi moja.

Dreyer alifariki mwaka 1968 akiamini kwamba filamu aliyoihariri kwanza haipo tena duniani.

Mwaka 1981 mfanyakazi wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dikemark, karibu na Oslo, Norwei, alikuta makopo ya filamu ndani ya stoo ya msafishaji. Yalipelekwa kwenye Taasisi ya Filamu ya Norwei, na huko yakakaa miaka mitatu rafuni. Yalipofunguliwa, ndani ilikuwa nakala ya Kidenmaki ya mwaka 1928, ileile iliyopita kwa wakaguzi wa Denmaki kabla ya Askofu Mkuu wa Paris kuigusa, kabla ya moto wa Berlin. Imetunzika vizuri ajabu. Nitrati hupenda baridi, na Norwei baridi ipo.

Ndiyo nakala tunayoitazama leo. Wengine huionyesha na muziki. Mwaka 1994 Mmarekani Richard Einhorn aliitungia muziki wa kwaya na okestra ambao umezunguka nayo kumbi nyingi. Mimi nashauri uitazame mara ya kwanza bila muziki wowote, usiku, nyumba imelala. Kimya chake si kimya cha kitu kilichopungukiwa. Baada ya robo saa utaanza kuwasikia mahakimu kwa kutazama midomo yao.

Karibu na mwisho Jeanne anapelekwa kwenye nguzo. Kuni zimepangwa. Katika umati mama ananyonyesha. Mtoto anaacha ziwa kidogo, anageuza macho, kisha anarudi kunyonya. Ndege wanapita angani. Mtu wa kumfunga anaanza kuzungusha kamba kwenye nguzo na kwenye mwili wake, na kamba inamponyoka, inaanguka. Jeanne anainama. Anaiokota kamba ile, anamkabidhi, kama ambavyo ungemwokotea mzee fimbo yake njiani, halafu anasimama tena mahali pake.